Batri Haiendi Golf

Pale Katuba, ng'ambo ya masomo, ile shule yenye nilimalizia mwaka wa sita, niko na meza moja na plake ya jua. Ninachajia bantu telefone. Siku ya uchaguzi nilikuwa nikipanga mustari ya kuchagua, narudi kuangalia meza, naenda tena. Saa sita ikafika, mustari haitembei.

Adrien, chef wa biro ya kuchagulia, akatoka mu masomo akibeba batri ya mashini ya kuchagulia kama muntu mwenye kubeba mutoto mugonjwa.

— Keren, imezimika, na courant ya umeme hakuna. Uichaji mbio, bantu banaanza kukasirika.

Nilichomoa telefone zote, hata ya Mama Mujinga, mwenye kuuzisha karanga pembeni yangu.

— Sawa, akasema. Lakini ile batri ikichagua mubaya, nitakuuliza weye!

Tulicheka. Taa ya batri ilipoanza kuwa kijani, motoka ya vioo vyeusi ikasimama mbele ya meza. Akashuka Fils. Tunamujua: anatumikia kandida mumoja wa Golf, kule matajiri banakaa, ndiye alipita hapa kugawa tishati.

— Kamama, leta batri. Chef amenituma niirudishe ku masomo.

Niliangalia masomo. Hata mbuzi anavuka ile barabara bila kuchoka. Motoka ya nini? Na kichwa ya ile motoka ilikuwa inaangalia upande wa mujini, njia ya Golf. Nikainama kama muntu anaokota kitu, nikachungulia. Pa kiti ya nyuma, chini ya kitenge, sanduku nyeusi yenye kioo. Mashini ya kuchagua, ingine, mahali ya batri wazi.

— Chef aje mwenyewe, nikasema.

— Hauniamini?

— Weye nakuamini. Ile motoka yako ndiyo siamini.

Mama Mujinga akacheka kwa nguvu, bantu ba mustari bakageuka. Fils akashusha sauti.

— Weye wa darasa la sita, unajua nini ya uchaguzi? Kesho hii meza haitakuwa hapa.

— Basi acha nichaji leo.

Nikachomoa batri, nikaiweka ku kichwa, nikavuka. Fils akanyoosha mukono anishike.

— Mushike uone! Mama Mujinga akapiga kelele, ameacha karanga zake.

Mustari ikafungua njia, nikapita, ikajifunga nyuma yangu. Sikugeuka.

Adrien alikuwa pa mulango. Aliniona, akaona Fils kule nyuma ya bantu, akafuta jasho.

— Chef, ulimutuma?

Akanyoosha mikono.

— Leta batri, Keren.

— Hapana. Onyesha mahali yake, nitaiweka mwenyewe.

Kioo ya mashini ikawaka. Bantu bakapiga vigelegele, mustari ikatembea. Zamu yangu ilipofika nikachagua, bakanipaka wino pa kidole. Motoka ilikuwa imekwisha kwenda na mashini yake ya njaa.

Magharibi, wakati ya kuhesabu, Adrien alitaka kufunga hata madirisha.

— Bashahidi ba vyama bako ndani, inatosha. Ninyi wengine murudi nyumbani.

Hakuna aliyeondoka. Mama Mujinga alitandika kitenge chini, akakaa. Mimi nikaweka mukono pa dirisha, kidole cha wino juu, ashindwe kufunga.

— Acha wazi, Chef. Kuhesabu nilijifunzia mu hii darasa. Taja moja moja, kwa nguvu. Tuko tunasikiliza.