Mpira wa Kamba wa Inverlochan

Mechi ilipoisha, waliokosa pai za kondoo wakati wa mapumziko walijipanga tena kwenye dirisha la kuuzia, mvua ikiwanyeshea. Ishbel Laidlaw alimshika mumewe, Fergus, mkono asije akapanga foleni ya choo akidhani ni ya pai.

Fergus alikuwa kiungo wa klabu ya Inverlochan tangu ana ndevu tatu mpaka akaota mvi. Kila asubuhi ya mazoezi, mpira wa ngozi, umelowa, ulining'inizwa kwa kamba chini ya jukwaa, na wachezaji wakaupiga kwa vichwa mpaka kocha amalize sigara. Kocha alikuwa mvutaji wa taratibu. Sasa Fergus hamjui mkewe. Anamwita dada, anamshukuru kwa chai.

Kumbukumbu zake hazikupotea, ziliingia kwenye mpira. Mpira bado uko kambani, umeshonwa upya mara kadhaa, na kila anayeupiga huondoka na kipande cha maisha ya Fergus. Beki wa kulia anajua harusi yao ilinyeshewa. Kipa alimkumbuka mtoto wao aliyefariki mchanga, akalia bafuni, kisha akala ndizi.

Ishbel alitaka kitu kimoja tu: kusikia tena jina ambalo Fergus alimwita wakiwa wawili. Alilijua, ila jina la namna hiyo mtu hajiiti mwenyewe.

Struan Geddes, kiungo wa sasa, akamwacha mkewe kijana getini, akaja na nywele mbichi.

"Mama Laidlaw, jana kambani nimelipata lile jina."

"Sema, mwanangu."

"Mbele ya watu?"

"Hawa? Wanajua mpaka gauni langu la harusi lilichanikia wapi."

"Kijiko," Struan akasema, taratibu, kama Fergus alivyokuwa akilisema.

Ishbel akacheka, halafu akafuta macho kwa karatasi ya kufungia pai.

"Kijiko ndiye nani?" Fergus akauliza.

"Mimi."

"Jina zuri, dada."

Mwenyekiti wa klabu alikuwa anapita na kikombe chake cha supu. Ishbel akamzuia.

"Mwenyekiti, ushusheni ule mpira. Vijana wataisha kama huyu."

"Mama, daktari wetu anasema hakuna ushahidi kwamba unadhuru." Akamgeukia Struan. "Wewe kijana, kichwa kizima?"

"Kizima, bosi."

"Mkeo hajambo?"

Struan akafikiri kidogo.

"Ishbel? Hajambo."

"Umesikia, mama?" Mwenyekiti akampiga Struan begani. "Kumbukumbu anayo. Jumatatu saa tatu, kijana, kambani."