Ukimya wa Dakika Tatu

Mpimaji alipiga goti sebuleni akachora pembetatu kwa chaki: pembe mbili za spika, ya tatu ya kiti chake. Akanyoosha utepe, akaisogeza spika ya kushoto upana wa ukucha, akapima tena. Kazi yake ilikuwa kupima viwanja, na kiwanja alichokipima yeye hakikuwa na kesi. Cherehani ya mkewe, iliyokaa pale dirishani miaka tisa, aliihamishia kwenye ujia wa jikoni kwa kuwa iliangukia ndani ya mstari.

Kicheza muziki kipya kilikuwa mezani, cheusi, chembamba, kimejaa nyimbo za ubora wa juu, zile ambazo wauzaji hukuapia kwamba utamsikia mwimbaji hata akimeza mate. Alikinunua kwa ajili ya hasira zake. Miezi miwili nyuma alikuwa amemvunja mkewe kidole, na shemeji mkubwa, kaka wa mke, alikuja akakataa kiti.

"Umeshaapa mara nyingi, shemeji," alimwambia. "Leo sikuapishi. Ukimgusa tena anaondoka na mtoto, na hutawaona."

Mpimaji alilia machozi ya kweli, maana aliwapenda. Mtu wa ofisini kwao akamshauri atafute kitu cha kumtuliza moyo, naye akachagua muziki. Kuna watu hata toba yao wanaitaka iwe na spika kubwa.

Jumamosi hiyo mchana ilibaki hatua moja. Maelekezo yalisema kwamba kabla ya kusikiliza chochote, mashine ipewe dakika tatu za ukimya wa chumba, ijue makelele ya nyumba ili iyaondoe. Kinasa sauti kidogo chenye masikio mawili kilisimama juu ya kigoda, usawa wa kichwa chake, kimeunganishwa kwa waya na kicheza muziki.

"Dakika tatu," alitangaza. "Asipumue mtu."

"Hata mimi ninayepika?" mkewe aliuliza kwa utani kutoka jikoni, maana asubuhi ilikuwa njema.

"Hata sufuria."

Binti yao wa miaka saba alicheka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili, akajikunja nyuma ya kochi. Mpimaji akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ilipokuwa inakwisha, spika zikatoa mvumo mzito. Kule ujiani mkewe alikuwa amechomeka pasi.

"Nani kagusa umeme?"

"Ni mimi, samahani, nilidhani umemaliza. Nina sare za watu, wanazifuata saa kumi—"

Hakumaliza. Mpimaji alimkamata kilemba pamoja na nywele akamburuta hadi sebuleni ili amwonyeshe alichoharibu. Kofi la kwanza lilimbamiza ukutani. La pili lilimpata sikioni. Mkewe alipoyumba kuelekea spika ya kushoto, Mpimaji aliidaka spika kwa mkono mmoja, taratibu, kama anayemshika mtoto mchanga, na kwa mkono wa pili akaendelea. Mke alipoanguka alimpiga teke la mbavu, kisha jingine. Damu ya puani ilidondokea chaki, mstari mmoja ukafutika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Ona unavyonifanya," alisema akihema. "Ona sasa!"

Akachukua funguo, akashuka kwenda duka la vifaa vya umeme kutafuta waya wa kurefushia soketi, pasi na muziki visigombane tena. Alijiona mtu wa suluhisho.

Aliporudi aliingia akipiga mluzi; nyumba ilikuwa kimya, mlango wa chumbani umefungwa. Amenuna, alijisemea, akilala atasahau. Akaona kile kinasa sauti bado kinawaka taa, akakizima, na kilichonaswa kikaingia juu kabisa ya orodha ya nyimbo. Yeye hakuitazama orodha. Alichomeka waya mpya, akaketi kwenye pembe yake, akabonyeza wimbo wa kwanza.

Kwanza ulikuja ukimya, safi ajabu. Kisha mvumo. Kisha mwanamume mmoja akaanza kufoka, na Mpimaji hakumtambua mara moja. Miaka yote alidhani akikasirika ananguruma. Huyu alikuwa na sauti nyembamba, ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. Makofi yalisikika kila moja mahali pake, na chini yake, kutoka nyuma ya kochi, sauti ndogo ilikuwa inahesabu.

"Nne. Tano. Sita."

Mlango ukabamizwa kwa kishindo: yeye alipotoka. Mtu akakohoa, akavuta pumzi kwa uchungu.

"Mama, leo hazikufika kumi."

"Zimetosha, mwanangu. Vaa viatu."

Zipu ya begi. Nyayo mbili, nzito na nyepesi. Kitasa kilizungushwa kwa uangalifu mkubwa, na kilisikika wazi hivi kwamba Mpimaji aligeukia mlango akisema, "Subirini!"

Mlango ulikuwa umefungwa. Alikimbilia chumbani. Kabati lilikuwa wazi, upande mmoja mtupu. Alimpigia mkewe simu, haikupatikana. Akampigia shemeji mkubwa, simu ikaita mpaka ikakatika. Akaketi sakafuni kando ya kitanda cha binti yake, akalia, na safari hii hapakuwa na wa kumwonyesha machozi. Alikaa hivyo muda mrefu.

Ndipo akasikia nyayo zikipanda ngazi. Ufunguo ukaingia kwenye kitasa, ukazunguka.

"Mmerudi!" alipiga kelele, akainuka akijikwaa, akakimbilia sebuleni na mikono ameitanguliza.

Hapakuwa na mtu. Kwenye spika mlango ulifunguliwa, ukafungwa, na mwanamume aliyeingia akaanza kupiga mluzi.