Antoinette Ajipangia Louisville

Siku visa ilipotoka, Antoinette alicheza katikati ya saluni mpaka wateja wakaanza kumpigia makofi. Mama mmoja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele alichomoa kichwa na kuuliza, "Unaolewa tena?"

"Ninaenda kumwona mdogo wangu! Louisville, Kentucky, Amerika!"

Hakuna aliyewahi kuusikia mji huo. Kaneza, msusi Mrundi aliyefanya naye kazi, aliuliza kama uko karibu na New York. Antoinette alisema hapana, ni mji wa wastani, si mkubwa wa kutisha wala si kijiji, na Wakongomani wenzake wamejaa huko. Angekaa siku tano tu. Alitaka kurudi kabla ya Desemba, maana mwezi huo kila mwanamke wa Durban hutaka kichwa kipya, na hana wa kumwachia saluni.

Siku tano ni chache, kwa hiyo alizipanga kama mtu anayepanga harusi. Kila alipopumzisha vidole alichukua simu na kutazama video za Louisville. Aliona mto mpana wa Ohio. Aliona jumba la makumbusho ya mbio za farasi. Akaona na daraja la chuma lililokuwa la treni zamani, ambalo sasa watu hulipita kwa miguu. Unaanzia Kentucky, unatembea juu ya maji, unashukia jimbo lingine liitwalo Indiana.

"Kwa miguu, Jacques!" alimwambia mumewe jioni. "Bila pasi, bila polisi wa mpaka!"

Jacques alikuwa ametoka Clairwood, mtaa wa viwanda anakoendesha malori, na alikuwa anavua viatu. Alicheka. "Sisi tumevuka mipaka mingapi kwa miguu, na hakuna aliyetutengenezea video? Nenda, mke wangu. Lakini muulize Belinda kwanza. Yeye ndiye mwenyeji."

Belinda alikuwa mdogo wake wa mwisho. Waliachana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, Antoinette aliposhuka Afrika Kusini kutafuta maisha. Baadaye jina la Belinda lilitoka kwenye orodha ya kwenda Amerika. Tangu hapo walikuwa wakionana kwenye simu tu.

Antoinette alimpigia na kumwaga mipango yote kwa pumzi moja: siku ya kwanza mto, ya pili farasi, ya tatu daraja. Belinda alimwita Yaya, kama Wakongomani wamwitavyo dada mkubwa.

"Yaya, hilo daraja liko wapi?"

"Si ni huko kwako!"

"Mimi silijui," Belinda alisema, na sauti yake ikashuka. "Najua nyumba, najua kazi, najua kanisa na duka la Wakongo. Basi. Naingia kazini kufunga maboksi, natoka nimechoka, nalala. Ile barabara kubwa ya kwenda mjini naiogopa. Miaka yote hii, Yaya. Usinicheke."

Antoinette hakucheka. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alifika Durban akakaa muda mrefu kabla ya kukanyaga mchanga wa ufukweni, ingawa bahari ilikuwa hapo hapo. Asubuhi ilikuwa ya kutafuta chakula, jioni ya kutafuta usingizi.

"Basi sikiliza," alisema. "Nitakuja huko, na mwenyeji atakuwa mimi. Wewe utakuwa mgeni wangu."

"Mgeni kwenye mji wangu mwenyewe?"

"Ndiyo! Tena vaa viatu vya kutembea."

Belinda akaangua kicheko, kisha akaleta upinzani. Kanisa zima lilikuwa linamngoja Antoinette. Kina mama walikuwa wameshapanga sombe ya majani ya muhogo, ugali wa fufu na samaki kwa siku zote tano, nyumba kwa nyumba.

"Eish! Mnataka nirudi Durban nikiwa siingii kwenye kiti cha ndege?"

Walibishana kwa furaha hadi wakakubaliana: mchana ni wa mji, jioni ni ya kina mama wa kanisa. Farasi walifutwa, maana wote wawili hawakuwa na hamu nao hasa.

Jumamosi iliyofuata, jioni, saluni ilijaa mpaka mlangoni. Antoinette alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja simu ilipolia. Ilikuwa video. Alipofungua aliona chuma, anga, na uso wa Belinda uliolowa jasho huku skafu ikipepea.

"Yaya! Niko juu yake!"

"Juu ya nini?"

"Daraja! Nimeona, wewe mgeni utanipeleka vipi mahali mimi mwenyewe nisipopajua? Nimeendesha mwenyewe kwenye ile barabara kubwa, huku ninaimba kwa woga!"

Antoinette alipiga yowe. Kaneza alikuja mbio, na mteja mwenye nywele nusu akasimama na kichana kikining'inia kichwani. Wote walibanana mbele ya simu. Belinda aliwaonyesha maji ya kahawia yakipita chini, mzee akikimbia na mbwa, watoto na baiskeli. Halafu akaanza kukimbia, picha ikatikisika, na saluni nzima ikapiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" mpaka sauti yake ikatoka kwenye simu ikihema: "Niko Indiana! Nimefika Indiana!"

"Iko namna gani huko?" Kaneza aliuliza.

"Iko kama Kentucky!" Belinda alisema, na wakacheka hadi machozi. "Yaya, hapa kuna duka la aiskrimu. Watu wamepanga mstari. Siingii. Nitaingia na wewe."

Simu ilipokatika Antoinette alirudi kwenye kichwa cha mteja. Alisuka mistari miwili ikaenda upande. Ilibidi aifumue.

"Chukua muda wako, mama," mteja alisema. "Mimi mwenyewe bado niko kule darajani."