Bakuli la Matunda Lenye Harufu ya Moshi

Mjukuu wangu Selina aliambiwa apeleke kitamtamu cha matunda kwenye loji moja hapa Karatu, Jumamosi saa nne. Oveni yao ilikuwa mbovu, kwa hiyo mpishi mkuu, Inosenti, alitaka kitu kisichookwa. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, wasichana watatu. Selina alikuwa ameshakataliwa kazi mahali sita.

Maembe na papai tuliagiza kwa lori la vitunguu la Mang'ola. Pasheni ni za uani kwangu. Ikabaki krimu. Duka la kwanza hawana. La pili wakamuuliza ni ya uso au ya mikono.

"Mgando wa maziwa utafaa," nikamwambia. "Ukiutundika kwenye kitambaa hadi asubuhi, maji yanachuruzika, unabaki mzito."

Nikamtuma kwa jirani yetu Naisula, Mmaasai aliyehamia kutoka Nainokanoka na ng'ombe wake wanne. Selina akamweleza kwamba maziwa ni ya wageni wakubwa. Hapo ndipo alipokosea. Naisula husafisha kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini. Kwa maziwa ya nyumbani hupitisha mara moja. Kwa wageni wakubwa alipitisha mara nne.

Ijumaa nikayaonja kabla hatujayatundika. Nikaona ni maziwa.

Jumamosi asubuhi Selina alisaga biskuti kwa chupa ya soda, akazichanganya na siagi, akazishindilia chini ya bakuli. Akaupiga mgando na sukari, akaumimina, akapanga maembe na papai, juu pasheni na mbegu zake. Kisha akalamba mwiko.

"Bibi! Inanuka moshi!"

"Inanuka maziwa."

"Bibi, hii ni boma zima!"

"Basi usiwaambie, wataonja wenyewe."

Saa ilikuwa tatu na nusu. Hapakuwa na mgando mwingine. Nikabeba bakuli mimi, tukaenda loji.

Inosenti aliniamkia vizuri, akachota kijiko. Akatafuna. Akatazama dari.

"Binti, kwenu kumeungua?"

"Hapana, chifu."

"Umeweka nini humu?"

Nilimwona Selina akitafuta uongo. Hakuupata.

"Ni kibuyu, chifu. Jirani alikifukiza mara nne. Nilimwambia ninyi ni watu wakubwa."

Inosenti akamwita Olais, mhudumu wa mezani, kijana wa Kimaasai. Olais akala kijiko cha kwanza, cha pili, cha tano.

"Nimesema uonje," akasema Inosenti.

"Bado naonja, chifu."

"Wageni watasema tumewapa majivu."

"Chifu, jana wageni walilipa kwenda kukohoa ndani ya boma. Hawa watakohoa wamekaa kwenye kiti."

Inosenti akawaza. Akaonja tena mabakuli ya wale wasichana wengine, yote mawili ya krimu ya kopo. Akasema ni mazuri na yanafanana, hata hakumbuki lipi la nani. Kisha akamgeukia Selina.

"Unaweza kumfanya jirani yako afukize mara mbili tu?"

"Nitamwomba. Ila ataniuliza wageni wamekosa nini."

"Mwambie ni wagonjwa wa kifua. Unaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe."

Nikaomba bakuli langu. Olais, kijiko bado mkononi, akasema nisubiri kidogo.