Umbo la Mtu

Kadi ya simu yenye mchezo wa kaka yangu ilifika Bihambwe ndani ya soksi ya Kabera, dereva wa pikipiki. Mifuko ya Kabera hupekuliwa njiani, lakini soksi zake hakuna anayetaka kuzigusa.

"Iko ya Guy, hii," aliniambia, akivua kiatu mbele ya mlango wetu. "Amesema uicheze yote, halafu umuambie ukweli. Harufu si yake. Harufu iko ya mimi."

"Na Guy mwenyewe umemuacha wapi?"

"Goma. Angekuwa mudogo ningemutia mu soksi ingine."

Nilicheka, kisha nikajizuia. Papa, baba yetu, alikuwa ameketi kizingitini, nywele na ndevu zimemwota ovyo, kwa kuwa tulikuwa bado katika matanga ya Mama. Chini ya nyumba, shamba la Mama lilikuwa limelala katika magugu. Mashamba ya majirani yalikuwa yamekwisha kupandwa, na maharage ya mwanzo yalikuwa yanatoa vichwa.

Kwetu, mwenye shamba akifa, jembe lake hupumzika. Siku ya kumaliza matanga watu husali, hunyoana, halafu mtoto wa kwanza wa marehemu hushuka shambani na kupiga jembe la kwanza. Hapo ndipo wengine huruhusiwa kulima. Mtoto wa kwanza wa Mama ni Guy. Alikuwa Goma wanaume wa kilima walipombeba Mama katika kipoyi, machela yetu ya fito, kumpeleka kituo cha afya. Alikuwa Goma tulipomzika, kwa maana barabara ya Sake ilikuwa imefungwa kwa risasi. Sasa barabara ilikuwa imefunguka na malori ya viazi yalikuwa yanapita. Guy hakuja.

Shangazi zangu walinung'unikia maharage. Mimi nilinung'unikia Guy. Nilitaka apande kilima hiki mvua ingali inanyesha, kwa sababu niliona wazi kwamba akikosa kuja na safari hii, hatapata tena sababu ya kurudi.

Ili kupata mtandao lazima upande hadi kwenye zizi la ng'ombe, juu ya kanisa. Nilimpigia kutoka huko.

"Umeipata?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Nimeipata. Inanuka."

"Astrid, sikiliza. Nimeitengeneza peke yangu, miaka, na ile ordinatère, kompyuta yangu yenye inazimika kila mara. Kabla sijaitoa ku internet, nataka muntu mumoja aniambie nguvu yake na makosa yake. Muntu wa kwetu. Usinihurumie."

"Sijawahi kukuhurumia. Unakuja lini?"

"Kwanza cheza," alisema.

Nikacheza. Mchezo uliitwa Geuka. Kulikuwa na kijana asiye na jina, mwenye shati jeupe, anayetoka ndani ya msitu na kutaka kufika nyumbani kwao mlimani. Njiani wako Watu wa Kamba, wanaokaa barabarani na kutandaza kamba kutoka upande hadi upande. Ukiwafikia katika umbo la mtu wanakukamata, na unaanza upya. Kwa hiyo unajigeuza. Ukiwa kunguru unapita juu yao. Ukiwa nguruwe-mwitu unawagonga na kuwatawanya. Ukiwa mbega unaruka matawini, ule mkia mweupe ukikufuata kama kitambaa. Ukiwa kinyonga unakwenda polepole kwa namna ya kukera, lakini wanaweza kukukanyaga bila kukuona.

Sikutaka kuupenda, nami nikaupenda. Msitu ule ulikuwa wa Walikale, niliutambua mara moja, ingawa sijafika. Guy alisoma huko kwa mjomba wetu Symphorien, na alipokuwa anarudi likizo alikuwa ananisimulia ule ukijani unaoziba jua, na maji yanayodondoka kwenye majani hata baada ya mvua kwisha. Yote yalikuwemo. Na kujigeuza kwenyewe! Mifupa ya kijana ilikuwa inajikunja, shati likawa manyoya, na kabla ya mguu kuinuka ardhini ulikuwa tayari ubawa. Nilijigeuza pasipo sababu, kwa raha tu, hadi simu ikawa ya moto mkononi na betri ikafa.

Niliichaji kwenye panneau ya sola ya jirani, nikaendelea. Nilipofika mwisho nilirudi zizini, nikampigia.

"Nguvu kwanza," alisema.

"Wanyama wako wako bazima. Mukia ya mbega, muntu atalia. Nguruwe anapopiga, hata mi nilisikia mu bega. Na mvua, Guy. Mvua yako inalowesha."

Nilijua anatabasamu.

"Makosa?"

"Inapasha simu moto kama pasi. Msitu iko giza sana ku simu ya bei ya chini. Kinyonga anachelewesha, watu watamutukana."

"Nilijua kuhusu kinyonga. Ingine?"

"Ingine ndiyo kubwa." Nilivuta pumzi. "Muntu. Umbo ya muntu haina kazi. Hapigi, haruki, hajifichi. Nimetoka msituni mpaka nyumbani bila kuwa muntu hata mara moja. Nimefika ku mulango nikiwa kunguru, mchezo ikaniambia nimeshinda. Sasa ule kijana alikuwa anarudi kufanya nini? Angebaki kunguru tu."

Ng'ombe mmoja alikohoa nyuma yangu. Nikakumbuka kamba ya kweli, ile ya wenye bunduki waliomsimamisha Guy njiani. Alikuwa na umri wa kuota ndevu, anatoka Walikale na begi la shule. Walimkalisha kwenye matope tangu asubuhi mpaka jioni. Walimuuliza jina lake, jina la babu yake, na lugha ambayo mama yake alimwimbia. Kwenye kamba iliyofuata waliuliza maswali yale yale, na jibu lililomponyesha kwanza ndilo ambalo lingemuua pale. Alifika nyumbani akiwa na majina mengi kuliko vifungo vya shati lake. Mama alimwogesha kama mtoto mchanga, mtu mzima yule, na hakumuuliza jambo.

"Muntu ku barabara haina nguvu," Guy alisema. "Hiyo si kosa, Astrid. Niliiona."

"Mimi nakuambia ya mchezo, usiniambie ya barabara. Mpe muntu kitu kimoja chenye wanyama hawawezi. Kimoja tu."

"Nitafikiri."

"Na Papa anangoja."

"Najua anangoja," alisema, na mtandao ukakatika, au aliukata.

Nyumbani nilimkuta mama mdogo Emérita, dada yake Mama, amesimama juu ya Papa, mikono kiunoni.

"Raphaël, mbegu inaoza mu nyumba! Acha huyu Astrid apige jembe. Na yeye alitoka mu tumbo ile ile. Ao alitoka mu gunia?"

"Astrid si wa kwanza."

"Wa kwanza hayuko!"

"Wa kwanza iko muzima," Papa alisema taratibu. "Tukimuruka na iko muzima, ni kama tumemuzika na yeye. Mi nimezika mumoja mwaka huu. Inatosha."

Emérita alichukua kikapu chake akaondoka, na kutoka njiani tulimsikia akipiga kelele kwamba wafu wa nyumba hii watakula magugu.

Wiki iliyofuata Guy alipiga mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha na hajali.

"Nimeirekebisha. Nimetuma kipande kidogo tu, pakua hapo zizini. Umenisumbua, wewe. Sasa mwisho haifunguki kama hauko muntu. Utaona." Kisha akashusha sauti. "Na kesho asubuhi ninapanda na Kabera. Usimuambie Papa. Nikishindwa njiani, asijue."

Sikumbuki niliteremka vipi kutoka zizini. Nakumbuka nilifagia uwanja mara mbili, na kwamba Papa aliniuliza kama padri anakuja.

Asubuhi ilikuwa na ukungu, kisha jua. Sikuweza kutulia. Kila mlio wa pikipiki bondeni ulinisimamisha. Ili mikono yangu ipate kazi, nikafungua mchezo na kukaa kizingitini karibu na Papa, na yeye, ambaye siku zote aliuita uchafu wa watoto, akainamisha kichwa kutazama.

Nilipita kamba ya mwisho nikiwa mbega. Nikafika mbele ya nyumba. Mlango haukufunguka. Nikawa kunguru, haukufunguka. Nikawa mtu. Kijana alisimama katika uwanja ule, shati jeupe limechafuka, na kando yake, likiwa limeegemea ukuta, palikuwa na jembe. Shamba lilikuwa chini ya nyumba, upande uleule. Nilibonyeza. Kijana alichukua jembe. Akainama, akakunja mguu wa kushoto wa suruali mpaka gotini, wa kushoto peke yake, akatemea viganja mate, akapiga.

Papa alisimama.

"Ni yeye," alisema.

"Iko mchezo yake, Papa. Ameirekebisha."

"Kukunja ule muguu. Mama yako alimugombeza kwa sababu ya ule muguu mpaka alichoka." Alivua kofia. "Piga tena."

Nikabonyeza. Kijana akapiga tena, na udongo ukafunguka, mweusi. Papa alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaita kwa nguvu, kuelekea nyumba ya jirani, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu mazishi:

"Emérita! Leta wembe! Guy amepiga jembe!"

Nilicheka kwa woga. "Papa, hapana. Sikiliza. Ni mimi niliyebonyeza. Kidole iko changu."

"Kidole iko yako. Jembe iko yake. Nani amelitengeneza? Wewe?"

"Papa—"

"Nipe simu. Tunapanda kule ya mtandao. Nataka kumuambia."

Hapo ikanibidi niseme. "Hakuna haja ya kupanda. Iko njiani. Anakuja na Kabera, leo."

Nilidhani atafurahi. Uso wake ulikuwa kama nimemwambia nyumba inaungua. Alinipokonya simu akaanza kukipanda kilima, mzee yule wa magoti mabovu, bila fimbo, nami nikimfuata na kumsihi. Alipofika zizini alikuwa hawezi kusema. Alinipa simu nimtafutie namba, nikafungua spika, akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

Guy alijibu. Alikuwa Sake, Kabera ananunua petroli. Nilisikia honi na wanawake wanaouza samaki.

"Rudi," Papa alisema.

"Papa? Ni nani amekuambia..."

"Rudi Goma. Umekwisha kulima. Nimekuona. Umekunja suruali."

Ikaja sauti nyembamba, ya mtoto: "Umeona, Papa?"

"Nimeona. Tunamaliza matanga leo. Tunapanda. Wewe rudi."

"Nimeshafika Sake. Ao nikuje tu?"

Nilijaribu kuichukua simu. Papa aligeuka akanipa mgongo. "Mutoto yangu," alisema, "kila siku nilikaa pale ku mulango kukungojea, na kila siku nilimuomba Mungu usikuje, sababu ya zile kamba. Sijui Yeye alikuwa anasikia nini, kungoja kwangu ao sala yangu. Leo umenisaidia. Rudi."

Ndipo alipoiachia. Niliishika. "Guy, kuja! Usimusikilize. Uko karibu. Kuja!"

"Papa amesema, Astrid."

"Na mimi nasema!"

"Amesema amekubali," Guy alijibu, na katika sauti yake nikaisikia pumzi ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Hakuwa ameitafuta ruhusa ile. Lakini alipopewa, aliishika haraka.

Siku hiyo Emérita alimnyoa Papa. Tulisali. Kisha tulishuka shambani, tukalima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyelitaja jembe la kwanza.

Maharage yalikubali kuchelewa kwetu. Guy aliutoa mchezo wake hadharani, na watu wa mbali wakaucheza. Waliwasifu wanyama, hasa mbega. Walimtukana kinyonga. Kuhusu mwisho waliandika kwamba ni mbovu: unashinda kamba zote, halafu unalimishwa, na kulima hakukupi kitu. Guy alinipigia kuniuliza.

"Nikitoe kile kipande? Wewe unaona aje?"

"Itoe," nilimwambia. "Futa yote, jembe na shamba. Halafu kuja ulime hapa."

Alivuta pumzi. "Na Papa?"

"Papa atakuwa na wewe."

Alisema atafikiri. Hajakitoa, na hajaja. Barabara imefungwa tena, ikafunguliwa, ikafungwa.

Alasiri Papa hukaa kizingitini na kuniita nimfungulie. Hataki kunguru, hataki mbega, hunifanya nipite haraka mpaka mbele ya nyumba. Hapo huniambia nimwache kijana asimame kidogo, apumzike, ametoka mbali. Kisha nabonyeza, na kijana anakunja mguu wa kushoto, analima. Guy hakuliwekea shamba lile mwisho. Ukifika ukingoni linaanza upya. Kidole kikichoka nataka kuzima.

"Ngoja kwanza," Papa hunishika mkono. "Mwache amalize mustari."