Uzito wa Dulcie

Mbwa wa kaka yangu alikuwa na kilo thelathini na nane, na alitakiwa awe na ishirini na saba. Daktari wa mifugo alitueleza hivyo sote wawili, mbwa mwenyewe akiwa amelala juu ya mizani kwa sababu kusimama kulimchosha. Alisema pia kwamba kongosho lake lilikuwa limeshavimba mara moja, na likivimba tena huenda asipone. Mafuta hapana. Mabaki ya mezani hapana. Apungue polepole, na akishapungua afanyishwe mazoezi ya kweli.

Kaka yangu Brenton akasema, "Sawa." Ndilo neno alilokuwa nalo mwaka ule.

Mbwa aliitwa Dulcie, wa aina ya labrada, wa rangi ya mchanga. Alikuwa wa Corinne, mke wa Brenton, na Corinne alikufa Februari, joto likiwa kali kweli. Tangu mazishi Brenton hakulia wala hakulewa. Alikaa jikoni. Watu wa Port Pirie, mji wetu huu wa kusini mwa Australia, hawajui kusema maneno ya msiba, kwa hiyo wanaleta chakula: nyama ya kuoka, viazi vya maziwa, keki. Brenton hakula. Alikuwa anaweka sahani sakafuni, Dulcie anamaliza, sahani inaoshwa. Kwenye kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi, tulikofanya kazi wote tangu tuache shule, walimpa likizo, wakamwongezea nyingine, halafu wakaacha kuuliza.

Mimi nakaa nyumba ya pili kutoka kwake. Kila asubuhi nilikuwa nasikia mlango wake wa nyuma ukifunguliwa, mbwa anatoka kukojoa, na Brenton anasimama pale kwenye ngazi na nguo za kulalia. Hicho ndicho kilikuwa kitu pekee kinachomtoa kitandani. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Mbwa akifa, kaka yangu hatainuka.

Kwa hiyo niliwapeleka klabuni, mbwa na kaka.

Klabu yenyewe ni uwanja wa zamani wa mpira nyuma ya maghala ya ngano. Mbwa wanafundishwa kukimbia vikwazo: kuruka fito, kupita ndani ya bomba la turubai, kupanda paa la mbao na kushuka upande wa pili, kujipenyeza kati ya vijiti vilivyopangwa mstari. Tunakutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Kabla mbwa hajateremka garini, mtu anaburuta zulia kuukuu juu ya uwanja wote, kwa sababu huku kwetu mbigili ni nyingi kuliko nyasi, na zulia ndilo linaloziokota. Mgeni ndiye anayeburuta. Siku ya kwanza Brenton aliburuta lile zulia kwenda na kurudi bila kuinua kichwa, na alipomaliza akaendelea kuburuta.

"Mwambieni huyo bwana imetosha," akasema Noelene. "Atatuchimbia mtaro."

Noelene Schirmer ndiye anayefundisha. Aliendesha basi la shule maisha yake yote na bado anazungumza kana kwamba kuna watoto wanapigana viti vya nyuma. Akamtazama Dulcie anavyoteremka kwenye pikapu yangu, miguu ya mbele kwanza, halafu kupumzika, halafu ya nyuma.

"Huyu ni mbwa au gunia la viazi?"

"Labrada," Brenton akasema.

"Hujajibu swali." Akachuchumaa, akapapasa mbavu za Dulcie, akazitafuta na hakuzipata. "Sikiliza, mwanangu. Mbwa mnene haruki. Akiruka, mabega na magoti ndiyo yanayoumia. Kwa hiyo mpaka niseme mimi, fito zote zitalala chini na yeye atazipita kwa kutembea. Umenielewa?"

"Sawa."

"Anakula nini?"

Brenton akaniangalia mimi. Nikamwambia Noelene.

Alimpa utaratibu. Asubuhi chakula cha siku nzima kinapimwa kwenye mizani ya jikoni na kuwekwa katika kopo moja. Kila kinachoingia mdomoni mwa mbwa kinatoka kwenye kopo hilo, mlo na tuzo pia. Kopo likiisha, siku imeisha. Akilia njaa apewe maharage machanga ya kuchemsha, bila chumvi. Na tuzo ya mazoezi iwe ndogo kama punje ya njegere.

"Ndogo hivyo?" nikauliza.

"Mbwa hajali ukubwa. Yeye anahesabu umempa mara ngapi. Mpe punje kumi, anaona umempa karamu kumi."

Brenton alifuata. Hakufuata kwa moyo, alifuata kama mtu anayesoma vipimo vya tanuri kazini. Kila asubuhi mizani, kopo, kifuniko. Niliacha kuona sahani sakafuni. Nilichoona ni Brenton amesimama jikoni anahesabu maharage, uso wake kama ukuta.

Kitu cha kwanza kilichotushinda kilikuwa bomba. Dulcie alichungulia ndani ya lile turubai, akakaa chini. Noelene akamwamuru Brenton alale kifudifudi kwenye mdomo wa pili ili mbwa amwone.

"Mwite."

"Namwita."

"Unamwita au unalinong'onezea bomba? Mwite, bwana. Mbwa yuko upande wa pili, hayuko mfukoni mwako."

"Dulcie," akasema Brenton.

"Bruno, umesikia kitu?"

"Nimesikia mbu," akasema Bruno, aliyekuwa akingoja zamu na mbwa wake.

"Dulcie!" Brenton akaita, na sauti ikatoka kubwa, imekwaruza, sauti ya mtu aliyekuwa hajaitumia tangu kiangazi. Mbwa akaingia. Akatoka upande wa pili akamlamba masikio. Brenton akampa punje yake, akalala pale pale kwenye nyasi kitambo, na hakuna aliyemwambia ainuke.

Sisemi kwamba alipona. Sikujua kama kuna kitu cha kupona. Lakini Alhamisi ikifika saa kumi na moja na nusu alikuwa tayari kwenye pikapu, kopo mapajani, mkanda umefungwa. Baridi ilipoingia Dulcie alikuwa na thelathini na tatu, na Noelene akapandisha fito ya kwanza, urefu wa kiganja. Kisha thelathini na moja. Mbavu zikapatikana. Brenton akarudi kazini kwa nusu zamu. Akaanza kujibu utani, hasa wa Bruno.

Bruno Camporeale ni mwashi. Ukoo wake ulikuja hapa kutoka Italia zamani, na kila baridi anatengeneza soseji zake mwenyewe, za nguruwe na mbegu za shamari, na hakuna mtu mjini asiyezitaka.

"Brenton, mbwa wako sasa ana kiuno kama bi harusi," alimwambia siku moja. "Wewe je?"

"Mimi sikuwekwa kwenye mizani."

"Mungu ametuhurumia sote."

Brenton akatoa pumzi puani. Kwa mwaka ule hicho kilikuwa kicheko.

Jumapili moja ya Septemba klabu hufungua uwanja kwa watu wote. Wenyeji wanakuja kutazama, mbwa wanashindana, na sisi tunachoma soseji. Soseji moja, kipande kimoja cha mkate, vitunguu, mchuzi wa nyanya. Huku kwetu huwezi kuwa na siku ya aina yoyote bila hiyo, iwe uchaguzi au paa jipya la kanisa. Mwanamume mmoja anashika koleo na haliachii mpaka jioni. Mwaka ule nilikuwa mimi, na soseji zilikuwa za Bruno.

Klabu ina desturi yake. Mbwa akimaliza duru yake ya kwanza bila kosa, mwenye koleo anampa soseji. Moja, ya mwenye koleo tu. Imekuwa hivyo tangu kabla ya Noelene, na Noelene, pamoja na ukali wake wote wa punje za njegere, hajawahi kuipinga.

Dulcie alikuwa na ishirini na saba na nusu asubuhi ile. Alikimbia polepole kuliko wote. Akaruka fito, akapanda paa la mbao, akakanyaga sehemu ya manjano chini, ambayo kuipita bila kuigusa ni kosa, akapita bomba. Kwenye vijiti akasimama katikati, akamwangalia Brenton. Brenton akaonyesha kwa mkono. Mbwa akaendelea. Hakuangusha kitu, hakukwepa kitu. Watu wakapiga makofi kwa muda mrefu kuliko walivyompigia mshindi, kwa sababu kila mtu pale alimjua Dulcie alivyokuwa, na alimjua Corinne.

Wakaja kwenye jiko. Nikakata soseji moja, nikaimwagia maji ipoe.

"Daktari alisema mafuta hapana," nikamwambia Brenton.

"Moja," akasema. "Moja haina neno."

Nikampa. Dulcie hakutafuna.

Halafu kulikuwa na msururu wa watu wenye njaa na mimi nikageukia moto. Nikigeuka nilikuwa namwona Brenton amezungukwa. Watu wanampa mkono, wanampiga bega, na yeye anawajibu. Nilimsikia akimweleza mama mmoja jinsi ya kupima chakula. Alikuwa anasema sentensi nzima nzima. Kamba ya mbwa ilikuwa mkononi mwake, imelegea, na Dulcie alikuwa nyuma yake ameketi sawasawa, kama alivyofundishwa, anatazama kila anayepita.

Jumatatu asubuhi mlango wa nyuma wa Brenton haukufunguliwa. Nikaenda. Alikuwa kwenye sakafu ya jikoni pamoja na mbwa. Dulcie alikuwa ameshusha kifua chini na kuinua nyonga, kama anayesujudu, anatetemeka, na alikuwa ametapika mpaka hakuna kitu cha kutapika. Nilimbeba mpaka kwenye pikapu. Alikuwa mwepesi. Ndicho nilichokifikiria wakati ule, kwamba zamani nisingemweza.

"Alikula nini?" akauliza daktari.

"Soseji," akasema Brenton.

"Ngapi?"

"Moja."

Daktari akatazama damu aliyokuwa ameitoa, juu yake ilikuwa na mafuta meupe kama maziwa. "Moja haifanyi hivi," akasema, bila ukali.

Wakamwekea maji ya mshipa. Jumatano mchana alikufa. Brenton alikuwa pale, mimi nilikuwa zamu. Alinipigia simu kiwandani akasema, "Basi," akakata.

Alhamisi nilikwenda klabuni peke yangu kuwaambia. Nikasimama karibu na zulia nikasema mbwa amekufa, kongosho, mafuta. Wakaburuta zulia. Halafu, kabla mazoezi hayajaanza, Bruno akanifuata kwenye gari.

"Lyall, mimi nilimpa moja," akasema. "Moja tu, yeye na Brenton walipokuwa wanatoka uwanjani. Nilifikiri ukiacha yako, ni mimi peke yangu."

Baadaye akaja mama mmoja mwenye mbwa wawili wadogo wenye manyoya. Alimpa moja, bila mkate. Akaja mwenye kushika saa ya mashindano. Akaja binti yake. Noelene alikuja wa mwisho, akasimama mikono mfukoni.

"Ya kwangu ilikuwa nzima," akasema. "Miaka yote nimewaambia watu punje. Nilimpa nzima." Akasukuma mbigili kwa kiatu. "Alinitazama tu, bwana."

Nikaenda kwa Brenton. Alikuwa jikoni. Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini aliuliza.

"Ngapi?"

"Wao watano, moja moja. Na mimi."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali bei. "Na mimi," akasema. "Kwenye gari, tukirudi. Nilikuwa nimeificha kwenye karatasi. Nilitaka nimpe ya kwangu mwenyewe."

Hakuna aliyekasirika. Ningependa mtu angekasirika. Bruno aliacha kuleta soseji zake klabuni, na Noelene akaifuta ile desturi, na hilo lilipita bila mjadala. Mwezi uliofuata Brenton aliacha kazi, safari hii kwa maandishi. Alhamisi saa kumi na moja na nusu nampigia honi mara moja halafu naondoka.

Mlango wa nyuma haufunguliwi tena asubuhi. Naingia kwa mlango wa mbele na ufunguo wangu, namkuta kitandani macho wazi, nampa chai, wakati mwingine anakunywa.

Soseji zilikuwa saba: ya Bruno, ya yule mama, ya mwenye saa, ya binti yake, ya Noelene, ya kwangu, ya Brenton. Hakuna aliyetoa mbili. Zilichukua mbwa mmoja, miezi mitano ya kupima kopo, na sauti ya kaka yangu.