Minyororo ya Mabwana wa Newport

Bwana Eliakim Harwood alikuwa akila chaza katika nyumba ya pombe karibu na gati la Newport, mji wa koloni la Waingereza huko Amerika, huku akiulaani ushuru mpya wa karatasi.

"Bunge la London halina haya," aliwaambia wenzake. "Limetufanya watumwa!"

Alipotaka kuinuka, alishindwa. Miguuni alikuwa na minyororo ya chuma, imekazwa barabara.

Mwenye nyumba alichungulia chini ya meza. "Sakafu nimeisugua jana tu, bwana. Ukitembea, nyanyua miguu."

Akaitwa Quaco, mhunzi, mtumwa wa Bwana Harwood mwenyewe. Alikuja na nyundo na tindo, akaikata minyororo, akarudi kazini.

Tangu hapo kila bwana aliyetamka maneno yale alifungwa papo hapo, na haikuchukua muda ikawa fahari. Asiye na mnyororo alitazamwa kwa jicho baya, akaitwa kibaraka wa mfalme. Waumini waliingia kanisani wakikokota vyuma, mchungaji akawa anahubiri kwa kupiga kelele. Wakichoka, walijipanga foleni kwa Quaco.

Quaco naye alijaribu siku moja, akiwa peke yake kwenye fuawe. "Mimi ni mtumwa," alisema, akaitazama miguu yake. Hapakuwa na kitu. Alipomwuliza Bwana Harwood, alielezwa kwa upole.

"Lazima kwanza uwe na uhuru, Quaco, ndipo unyang'anywe. Wewe utanyang'anywa nini?"

"Ndiyo, bwana. Lakini mke wangu, Bathsheba, anauzwa kisiwani Antigua. Meli inaondoka Alhamisi. Naomba uniombee kwa Shemasi Peleg."

Bathsheba alikuwa mtumwa wa shemasi huyo, mpishi wake.

"Ningependa sana," alisema Bwana Harwood, akitikisa mguu mpaka vyuma vikalia. "Lakini hunioni nilivyo? Mfungwa amwombee nani?"

Jumatano Shemasi Peleg alifika akiburuta mnyororo mnene kuliko yote mjini. "Haya, fanya hima. Kesho nina shughuli gatini. Nahodha hapokei mtu bila sahihi yangu."

Quaco aliweka nyundo chini. "Mkono unaniuma, bwana."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Mkaidi wewe! Nitamwambia bwana wako."

"Mwambie tu. Yuko hapo nje kwenye foleni."

Quaco alichapwa viboko, lakini mkono haukupona.

Asubuhi Shemasi Peleg alipakiwa kwenye toroli. Aliyelisukuma alikuwa Bathsheba, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine. Njia nzima shemasi alimweleza mambo ya London.

"Kuamuliwa mambo yako na watu wa ng'ambo, Bathsheba, wasiokuuliza hata neno! Hakuna uchungu kama huo."

"Pole, bwana. Shika vizuri, hapa pana mawe."

Mbele ya kiwanda cha mhunzi Bathsheba alisimama. Quaco alikuwa mlangoni.

"Mkono?" Bathsheba aliuliza.

"Bado unauma."

"Shati lako liko kwa Mama Keziah. Nimelishona kwapani." Alimtazama. "Ule, Quaco. Usiache kula."

Quaco alitaka kumshika, lakini mikono ya Bathsheba ilikuwa kwenye toroli.

"Twende," alisema shemasi. "Tunachelewa."

Ilipofika majira ya kuchipua, habari zilikuja kwamba Bunge limeufuta ushuru. Kengele zikapigwa, na minyororo ikadondoka yenyewe mji mzima, makanisani, barabarani, hata vitandani. Bwana Harwood alimletea Quaco kikombe cha ramu.

"Kunywa, Quaco! Tuko huru!"

Quaco alikunywa. Kisha akatumwa kuikusanya minyororo ile. Alikuwa bado anaipanga alipofika nahodha mmoja aliyekuwa akijiandaa kwenda Guinea, pwani ya Afrika, kununua watumwa. Aliinua mnyororo mmoja, akauvuta kwa nguvu.

"Ni imara?"

"Imara, Nahodha," alisema Quaco. "Bado haijamwumiza mtu."

Nahodha akaichukua yote.